Kabla hujaruka, kanyaga breki

Abiria wengi huogopa ndege ikishapaa. Inapokuwa bado inatambaa kutoka maegesho kwenda barabara ya kurukia, wao wanapiga picha dirishani na kumalizia meseji za "tumeshaondoka." Mimi hizo dakika ndizo zinazonikausha koo. Ndege iko chini, mwendo wake ni wa bajaji, lakini vichwa vya watu wawili mbele vimejaa kuliko saa nyingine yoyote ya safari.

Nawaandikia hasa wadogo zangu mnaoanza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Wengine karibuni msikilize.

Nilikuwa rubani msaidizi wa ATR 72, ndege ya abiria yenye mapanga, tunaruka Dar na Zanzibar mara nyingi kwa siku. Angani ni kama dakika ishirini tu, kwa hiyo ukijumlisha, siku nzima unaishi ardhini. Ilikuwa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo haujui unakotoka. Pale Zanzibar barabara ni moja yenye ncha mbili: 36 ukielekea kaskazini, 18 ukielekea kusini. Tulijiandaa kwa 36. Tumeshaanza kutembea, mnara wa waongoza ndege ukatuambia upepo umegeuka, tutumie 18.

Nikainamisha kichwa nibadilishe mipango. Hapo hapo kepteni akaniuliza uzito wa mwisho, maana abiria wawili walikuwa hawajatokea. Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye wenzo wa flapu, zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa ili ndege ishike hewa ikiwa na mwendo mdogo. Simu ya ndani ikalia. Mhudumu anasema kuna mzee amesimama anatafuta begi lake. Nikajibu simu, nikajibu kepteni, nikajibu mnara. Kichwani mwangu flapu zilikuwa zimeshashuka.

Tukasoma cheklisti, ile orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka. Kepteni akauliza flapu. Nikasema, "Kumi na tano." Sikutazama! Niliijibu kama mtu anavyoitikia salamu njiani huku anaendelea na safari yake.

Kepteni akabonyeza kile kitufe cha kupima kama ndege imejipanga kuruka. Kengele ikalia. Hakunigombeza. Alikanyaga breki, akavuta breki ya maegesho, akaniambia, "Anza upya. Mwanzo kabisa."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za siku ambazo kengele haikulia. Tarehe 16 Agosti 1987, ndege ya Northwest aina ya MD-82 iliondoka Detroit bila flapu. Watu 156 walikufa, wawili kati yao wakiwa chini barabarani, na ndani ya ndege akapona mtoto mmoja wa miaka minne. Wachunguzi waliona kwamba cheklisti ya kutembea ardhini haikufanywa, na mfumo wa tahadhari haukuwa na umeme. Nao walibadilishiwa barabara wakiwa wameshaanza kutembea. Nao walikuwa na taarifa mpya ya hali ya hewa ya kusikiliza na kona waliyopitiliza. Nilipoisoma mara ya pili, baada ya Zanzibar, nilijiona mle ndani.

Miaka 21 baadaye, Agosti 2008, MD-82 ya Spanair ikafanya vilevile Madrid, wakafa 154. Na msidhani ni mambo ya mbali: Jumbo (Boeing 747) ya Lufthansa ilianguka Nairobi tarehe 20 Novemba 1974, wakafa 59 kati ya 157, kwa sababu vali za hewa inayosukuma flapu za mbele ya bawa hazikufunguliwa kabla ya kuruka.

Tangu 1981 Marekani ina kanuni inayokataza maongezi yasiyohusu kazi ndege ikiwa chini ya futi 10,000, na kutembea ardhini kumo. Sisi sote tunaijua. Tunaivunja kwa upole tu, kwa utani kidogo, kwa kuuliza ratiba ya kesho. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 2006, kule Lexington, Kentucky, marubani wa shirika la Comair waliongea kidogo tu habari za wenzao kazini. Walipewa barabara ya 22, wakaingia 26, ambayo urefu wake ni nusu ya ile nyingine. Kulikuwa giza. Rubani msaidizi alisema ni ajabu taa hazipo, kepteni akakubali, wakaendelea. Kati ya watu 50 alipona rubani msaidizi peke yake.

Namba ya barabara ni dira iliyokatwa sifuri ya mwisho. Ukipewa 22, pua ya ndege ikishanyooka dira isome karibu na 220. Kuitazama hakuchukui hata sekunde mbili. Mimi huisoma kwa sauti, hata pale penye barabara moja ambapo wenzangu hunicheka.

Jambo lingine ni mkono uliokatizwa. Ukiitwa katikati ya cheklisti usirudi pale unapodhani uliachia. Rudi mwanzo. Kumbukumbu ya kutaka kufanya kitu na kumbukumbu ya kukifanya zinafanana sana, hasa safari ya sita ya siku. Na ukikaribia kukatiza barabara, karatasi chini, macho manne nje. Wahudumu nao waambie mapema: tukianza kutembea nipigieni kwa moshi, moto au mtu aliyezidiwa. Begi la mzee litasubiri, na ikibidi ndege itasimama.

Lakini gumu kwetu, naona, ni adabu. Tumelelewa kumwamkia mkubwa na kusubiri amalize kusema. Sasa kijana wa miaka 24 amwambie kepteni mwenye umri wa baba yake "simama"? Anaona ni utovu wa heshima, ananyamaza, anajaribu kufanya mambo matatu kwa pamoja. Hata mnara tunauogopa. Ukiambiwa jambo wakati hujawa tayari, jibu lako ni "subiri." Muongoza ndege hatachukia, na akichukia atatulia.

Siku hizi nakaa kushoto, kiti cha kepteni. Juzi hapa Dar tulikuwa tunatembea kwenda barabara ya 05, foleni imetulia, na mimi nikawa namsimulia rubani msaidizi wangu habari za kiwanja changu Kigamboni, jinsi jirani alivyosogeza mpaka. Ndiyo, mimi huyu huyu. Binti akaniacha niseme kama sentensi mbili, kisha akasema, "Kepteni, samahani, naomba tusimame. Nimepoteza mahali."

Nikakanyaga breki. Ndege iliyokuwa nyuma yetu ikauliza redioni kama tuna tatizo.

"Hapana," akajibu, kidole kikiwa mstari wa kwanza wa cheklisti, "tunasoma."