Uvujaji umezibwa, mbona sasa kichwa kinauma ukilala?

Msomaji mmoja ametuandikia akiwa karibu kukata tamaa. Aliwekewa kiraka cha damu mgongoni (damu yake mwenyewe iliyodungwa hapo ili igande) kuziba tundu lililokuwa likivujisha maji ya ubongo, yaani maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Siku ya kwanza alipata nafuu, ya pili kichwa kikarudi, na sasa anashauriwa kiraka kirudiwe. Lakini tazama alivyoeleza mwenyewe: zamani kichwa kilimuuma kisogoni akisimama, kikapoa akilala. Siku hizi kinamuuma akilala, kwenye paji la uso na nyuma ya macho, na huamka na kichefuchefu. Hayo ni maumivu mawili tofauti. Uwezekano mkubwa ni kwamba kiraka kimeshika, na kilichopanda ni shinikizo.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza kama 500 kila siku. Ziada hurudi kwenye damu, nyingi yake kupitia vena kubwa za kichwani (vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni), na hupita pale tu shinikizo la maji linapozidi la vena. Vena ikibanwa njiani, damu inajazana nyuma yake, na maji hayana budi kupanda nayo. Jambo hili si geni. Daktari Mjerumani Queckenstedt alilionyesha mwaka 1916: bana vena za shingoni, na shinikizo la maji mgongoni hupanda papo hapo. (Usijaribu nyumbani. Kujibana shingo kunaweza kukuzimisha.)

Panapobanwa sana shingoni ni kati ya pingili ya kwanza na kijifupa chembamba cha stailoidi, kinachoning'inia chini ya sikio. Kwa kawaida kijifupa hicho kina urefu wa sentimita 2.5 hivi, kikizidi 3 huhesabiwa kuwa kirefu. Ila urefu si kila kitu, kwani hata kifupi kikiinama vibaya hubana. Tumboni kuna vena ya figo ya kushoto, inayonaswa kati ya aorta, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na ateri ya utumbo, tawi lake, kama kokwa kwenye koleo, na vena ya nyonga ya kushoto inayokandamizwa na ateri ya kulia, hali iitwayo May-Thurner. Damu iliyozuiwa huko hutafuta njia za pembeni, na mojawapo ni mtandao wa vena unaouzunguka uti wa mgongo, ambao hauna vali. Mtandao ukivimba, huukandamiza mfuko wa maji na kuyasukuma juu. Tuwe wakweli: ushahidi wa shingoni una nguvu kuliko wa tumboni, ambako bado tunasoma taarifa za wagonjwa wachache wachache. Anayekuahidi kwamba kufungua vena ya figo kutaponya kichwa chako anakuuzia matumaini.

Sasa kiini cha jibu. Shinikizo likikaa juu muda mrefu, huchakaza utando na hata mfupa wa chini ya fuvu, mpaka patokee tundu. Tundu hilo hugeuka vali ya usalama. Ukipimwa wakati linavuja, namba itatoka ya kawaida, na kila mtu atasema huna shida ya shinikizo. Ukiliziba bila kugusa chanzo, shinikizo hurudi, na tundu laweza kufumka tena. Wengine shinikizo hupanda kwa muda tu baada ya kiraka, kisha hutulia. Kwa hiyo maumivu yakibadili sura, omba macho yachunguzwe kama neva zimevimba kwa nyuma, lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kama nyuzi 30, na uliza kuhusu asetazolamaidi, dawa inayopunguza utengenezaji wa maji haya, kabla ya kukubali kiraka cha pili.

Namba nayo ina mitego. Shinikizo lipimwe umelala ubavu, miguu imenyooshwa, umepumua na kutulia. Ukipimwa umeketi, au umejikunja na kukaza tumbo, namba hupanda bure. Uliza pia kipimo kilichotumika: milimita 1 ya zebaki ni sentimita 1.36 za maji, hivyo "18" ya zebaki inakaribia 25 ya maji, mpaka wa juu kwa mtu mzima. Na anayevuja anaweza kupimwa akakutwa sawa kabisa. Wengi wao hawashuki chini ya sentimita 6 za maji. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ana wasiwasi tu, kisa namba ni nzuri, ni uvivu. Tumelisema mara nyingi na tutalisema tena.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Maji yakipungua, vena za kichwani na mgongoni huvimba zenyewe ili kujaza nafasi. Msomaji wa picha asiyejua hilo ataziona, kisha atatafuta ugonjwa wa vena pasipo na ugonjwa. MRI ya ubongo yenye dawa ya kung'arisha ifanywe kabla ya kuchomwa mgongo, maana sindano yenyewe huacha tundu na kuvuruga picha.

Daftari lako lina kazi kuliko unavyodhani. Kabla hujainuka kitandani, andika maumivu kwa alama 0 hadi 10. Simama, hesabu dakika mpaka yaanze. Lala chali bila mto, hesabu mpaka yaishe au yazidi. Geuza shingo taratibu kulia, kisha kushoto, uandike upande unaoongeza mvumo wa mapigo masikioni. Fanya hivyo kwa wiki mbili.

Ukithibitika kubanwa shingoni, ogopa pendekezo la kuweka stenti (kibomba cha wavu wa waya cha kuupanua mshipa) kwenye vena huku mfupa ukiachwa palepale. Mfupa utaendelea kuikandamiza. Kinachobana huondolewa kwanza.

Na pua ikidondosha maji maangavu yasiyo na rangi upande mmoja ukiinama, kinga nusu mililita kwenye chupa safi, ipimwe beta-2 transferini, protini inayotambulisha maji ya ubongo. Kijiti cha kupimia sukari hudanganya. Homa na shingo kukakamaa vikifuata, au kuona kukififia ghafla, nenda dharura usiku huohuo.