Nililipa kodi ya Colorado kwa bitcoin: hesabu yake ilivyokuwa

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini jimbo la Colorado, Marekani, linapokea kodi kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali, ilhali sisi Tanzania hatuwezi kulipia kumbukumbu namba ya Serikali (namba ya ankara, "control number") kwa sarafu hiyo, na umeona kwamba tumeachwa nyuma. Ninaishi Aurora, jirani na Denver. Kazi yangu ni kutunza hesabu, na kila msimu wa kodi huwaandalia ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, ndugu wengi waliohamia huku kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Njia hiyo unayoisifia nimeitumia mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza yaliyonikuta, kwa sababu naamini kwamba unachokitamani sicho ambacho Colorado inakitoa.

Huduma hii ilianza Septemba 2022, wakati wa Gavana Jared Polis. Aprili 2023 jimbo lilikuwa linanidai dola 412 za kodi ya mapato. Niliingia kwenye tovuti ya idara ya mapato, nikachagua kulipa kwa sarafu ya kidijitali, nikapelekwa PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ambako nilikuwa nimenunua bitcoin kidogo Novemba 2020 ilipokuwa na bei ya takriban dola 16,000. Akaunti ilipaswa kuwa ya mtu binafsi, si ya biashara, na sarafu ya aina moja ilipaswa kutosha ankara yote. Makato yalikuwa dola 1 pamoja na asilimia 1.83 ya malipo, ambayo kwangu yalifika dola 8.54. Nililipa tarehe 11 Aprili, wiki moja kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa malipo ya njia hii huchukua siku 3 hadi 5 za kazi kuonekana kwenye hesabu ya mlipakodi. Siku hiyo bitcoin ilikuwa imevuka dola 30,000 kwa mara ya kwanza tangu Juni 2022, nami nikajiona nimechagua siku njema.

Kumbe bei nzuri ndiyo iliyoongeza deni. Tangu 2014, mamlaka ya mapato ya shirikisho, IRS, inazihesabu sarafu hizi kuwa mali na si fedha, kwa hiyo mtu anayezitoa kulipia kitu chochote, hata kodi yenyewe, anahesabiwa kuwa ameuza mali yake kwa bei ya siku hiyo. Nilitoa bitcoin ya dola 420.54, makato yakiwamo, ambayo mimi niliipata kwa takriban dola 224. Tofauti ya dola 196 ikawa faida ya mtaji, na nililazimika kuiandika kwenye ritani ya mwaka uliofuata. Colorado nayo huanza kukokotoa kodi yake kutokana na mapato yaliyokokotolewa katika ritani ya shirikisho, hivyo faida ile ile niliyoipata kwa kuilipa Colorado ilirudi kutozwa na Colorado, kwa asilimia 4.4. Fedha zenyewe si nyingi, nakubali, lakini ningelipa kutoka benki, ankara ile ingefungwa siku ile ile bila mkia wowote.

Lililonigusa zaidi ni la mzee wetu mmoja mwenye asili ya Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye ritani yake huiandaa mimi. Kijana wake alimlipia kodi ya jimbo kwa sarafu iliyokuwa kwenye akaunti ya mzee, kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyenieleza. Ukurasa wa kwanza wa ritani ya shirikisho una swali linaloulizwa kila mlipakodi: je, katika mwaka husika ulipokea, uliuza, ulibadilisha au ulitoa kwa njia nyingine mali ya kidijitali? Nilimsomea mzee swali hilo kwa Kiswahili, akajibu hapana, na alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoelewa, kwani akilini mwake hakuuza kitu, alilipa deni. Baadaye kijana alipotaja jambo hilo katika mazungumzo, tulilazimika kuandaa ritani ya marekebisho, kutafuta bei ya kila ununuzi mdogo mdogo, na kueleza upya jibu ambalo mzee alikuwa ametia saini. Kosa lilikuwa langu pia, maana nilitafsiri maneno ya swali bila kueleza kwamba kulipa nako kumo ndani yake. Sasa hulifafanua kwa kila mtu kabla ya kupokea jibu.

Jambo la pili ambalo ningependa ulitazame ni hili: Hazina ya Colorado haijawahi kushika bitcoin yangu. PayPal iliigeuza kuwa dola, na jimbo likapokea dola. Uswisi nako ni hivyo hivyo. Mji wa Zug ulianza mwaka 2016 kupokea bitcoin kwa huduma ndogo za ofisi ya wakazi, kwa ukomo wa faranga 200. Jimbo la Zug likafuata Februari 2021 kwa kodi hadi faranga 100,000, na kampuni ya Bitcoin Suisse ndiyo inayobadilisha na kuikabidhi serikali faranga kamili. Dalali, yaani kampuni ya kubadilisha sarafu, amesimama dirishani, na hatari ya bei iko kwa mlipaji na dalali. Jimbo la Ohio, Marekani, lilikwama kwa sababu ya dalali wa namna hiyo: lilifungua mlango Novemba 2018 kwa kampuni pekee, zisizofika 10 zikautumia, na Oktoba 2019 mweka hazina mpya akausimamisha, kwa hoja kwamba kampuni ya kubadilisha sarafu ilipaswa kupatikana kwa ushindani kama sheria inavyotaka. El Salvador ilikwenda mbali zaidi, ikaifanya bitcoin kuwa fedha halali Septemba 2021, kodi ikiwamo. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaiondoa katika kulipa kodi.

Kwa Tanzania, Benki Kuu ilikwisha kueleza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Pamoja na hayo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla mlipwaji hajapokea fedha, ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha au kubadilisha mali za kidijitali, na kwa jinsi ninavyoisoma, asilimia hiyo inakatwa kwenye thamani yote, iwe umepata faida au hasara. Dirisha kama la Colorado likifunguliwa kesho juu ya sheria hiyo, mwenye ankara ya kodi ya ardhi ya shilingi 1,000,000 angeweza kukatwa 30,000 kabla ya makato ya dalali, wakati jirani yake analipa kumbukumbu namba ile ile kwa simu na kupata stakabadhi papo hapo. Kabla ya kuliomba dirisha, ningekuomba umuulize mbunge wako kama malipo yanayokwenda kwa Serikali yenyewe yatasamehewa zuio hilo, na ni nani atakayebeba tofauti ya bei kati ya dakika ya kulipa na dakika ya ankara kufungwa.