Pikipiki ya Kichina ya kuanzia motokrosi: usiangalie cc, angalia uzito, vipuri na shokapu

Mkuu, nimesoma swali lako la pikipiki gani ya Kichina uanzie motokrosi (mbio za uwanja wa udongo wenye matuta ya kuruka) na majibu uliyopewa, na mengi yanaishia kwenye "chukua 250, utaizoea", yaani injini yenye ujazo wa cc 250. Umesema una kilo 75, urefu wa kawaida, umezoea pikipiki ya barabarani ila uwanja wa motokrosi hujawahi kuingia. Mfuko hauruhusu Honda wala Yamaha mpya, na umebaki unapima kati ya 250 ya Kichina yenye umbo la mtu mzima na 140 ndogo. Nimeendesha aina zote mbili, nimezifungua mpaka ikabaki fremu tupu, na nimewaanzishia vijana mchezo huu juu yake. Kwa hali yako ningechukua 140. Ngoja nieleze kwa kirefu, maana hela ya kununulia mara ya pili hatuna sote.

Anza na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, kwa sababu stika ya pembeni anaweza kubandika yeyote. Hizi "250" za bei nafuu nyingi utazikuta na 167FMM. Ile 1 ni silinda moja, 67 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kwamba inapozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni kundi la ukubwa. Pistoni yake inasafiri milimita 65. Piga hesabu mwenyewe: unapata cc 229. Na hizo 229 ni za ukoo wa Honda CG125 iliyotoka 1976, yaani kemshafti (mhimili unaofungua valvu) iko chini na valvu zinasukumwa na fito ndefu. Ni injini ngumu sana, naiheshimu, na ndiyo maana pikipiki za kazi zinaitumia sehemu nyingi duniani. Inavuta vizuri kwenye resi ya chini, yaani injini ikizunguka polepole, na inavumilia mateso. Ila motokrosi inataka kitu kingine. Unatoka kwenye kona, mbele yako hatua chache kuna tuta la kuruka, unahitaji injini inayopanda resi haraka. CG inavuta kidogo halafu inachoka, unabadili gia mapema, na unafika kwenye tuta ukiwa bado unahangaika na mguu wa gia.

Halafu uzito. Nyingi za aina hiyo zinacheza kwenye kilo 120, wakati 250 ya mashindano kutoka Japani iko karibu kilo 105, na hiyo ina nguvu maradufu. Mtu anayeanza anaanguka mara kwa mara, hilo ni la kawaida wala lisikuogopeshe. Kinachomaliza nguvu ni kuiinua. Nimewaona vijana wenye mwili kukuzidi wakiwa hoi kabla asubuhi haijaisha, na mtu akishachoka anakaa kitako, anakaza mikono, anaacha kutazama mbele. Hapo ndipo ajali zenyewe zinapoanzia. Hizi 140 zenye rimu ya inchi 17 mbele na 14 nyuma zina kilo 70 na kitu. Ikikulalia kwenye kona unaisimamisha kwa mkono mmoja na safari inaendelea. Utapata mizunguko mingi zaidi kwa siku, na mizunguko ndiyo inayofundisha.

Urefu ndio unaoweza kubadilisha jibu langu. Panda, simama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko nje. Magoti yakigusa usukani unapokata kona, hiyo ni ndogo kwako, tafuta 19/16, yaani rimu ya inchi 19 mbele na 16 nyuma. Ukiwa mrefu sana basi ndiyo 21/18, na hapo jitahidi upate injini ya ukoo wa CB, ukoo mwingine wa Honda, ambayo kemshafti yake iko juu na inaendeshwa kwa cheni, maana inapenda resi kuliko CG. Zipo pia zenye injini ya NC250 ya kiwanda cha Kichina cha Zongshen, ya kupozwa kwa maji na valvu nne. Hizo ni nzuri kweli, ila bei yake inaanza kukaribiana na ya Mjapani aliyetumika, na hesabu yako nzima inabadilika.

Sasa kwa nini hizi 140 ndogo, ambazo silinda yake imelala? Kwa sababu ya vipuri, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Viwanda vya Kichina vya Lifan, YX na Zongshen vyote vimejenga injini za umbo hili, na mzizi wake ni ile injini ndogo ya Honda iliyoanza na Super Cub mwaka 1958. Vipimo vingi vya viwanda hivi havijaachana mbali. Kabureta, koili, sproketi ya mbele, hata injini nzima, mara nyingi unavua ya kiwanda kimoja na kufunga ya kingine na bolti zinakubali. Vitu vya ndani kama klachi, gasketi na pistoni vinataka uende na namba ya injini na kipimo mkononi, ila vinapatikana. Majina kwenye plastiki yanabadilika kila mwaka na baadhi hayarudi tena. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji vitu vitatu vidogo: wenzo wa klachi, gasketi ya kichwa cha silinda, na beringi za gurudumu la nyuma. Akikuonyesha dukani kwake au akakupa namba ya kipuri, endelea. Akisema "hiyo haiharibiki", ondoka. Chapa za Kayo, SSR na Thumpstar zina nafuu hapo kwa kuwa waendeshaji wake ni wengi nchi nyingi, na kitu kikikatika utakuta mtu ameshakitafutia mbadala.

Na watu waache kuimba kwamba Mchina hawezi injini. Kiwanda cha Loncin cha Chongqing, China, kimeitengenezea BMW injini za silinda moja. Udhaifu wa hizi za bei nafuu uko kwenye bolti laini, grisi ya kubana matumizi, na mkono wa aliyeifunga. Hayo matatu unaweza kuyarekebisha kabla hujaiwasha.

Niliifungua moja ikiwa ndani ya kreti, mpya kabisa, fremu inang'aa. Nilipotoa kombe la beringi za usukani, grisi ilikuwa upande mmoja tu, kama donge la ukubwa wa punje ya hindi. Upande wa pili chuma kilikuwa kikavu na mstari mwembamba wa kutu ulishaanza. Spoku za nyuma nilizibana kwa vidole viwili zikacheza. Bolti ya kushika sproketi iliingia robo mzunguko nzima kabla haijakaza. Na pikipiki hiyo ilikuwa inauzwa na maneno "tayari kwa uwanja". Tangu hapo kila inayopita mikononi mwangu naivua: usukani, magurudumu yote mawili, na ekseli ya mkono wa nyuma unaoshika tairi. Naosha, napaka grisi ya kutosha ya kuzuia maji, narudisha. Kila bolti inayoshika breki, sproketi na injini inapata gundi ya kuzuia bolti kulegea na kukazwa kwa kipimo. Spoku unazigonga na spana ndogo; iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Rudia kila baada ya kuendesha hadi zitulie.

Oili ya kiwandani imwage mapema sana. Ukiimwaga kwenye chombo cheupe juani utaona inametameta kwa unga wa chuma. Weka 10W-40 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki), kwa sababu klachi inaogelea humohumo, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Valvu zipime injini ikiwa baridi. Kwa hizi ndogo za silinda iliyolala 0.05 mm ndicho kipimo nilichozoea. Kama ukiachia resi inapiga milipuko ya "pa-pa-pa" kwenye ekzosi na plagi inatoka nyeupe, kabureta inapitisha petroli kidogo mno, weka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi kwa saizi moja.

Shokapu ndizo nilizokuwa natamani kuzifikia. Unapoiangalia dukani, kandamiza usukani kwa uzito wako wote kisha achia. Ya mbele ikirudi kwa kuruka na kutikisika mara mbili, ndani kuna springi tu, hakuna mafuta yanayofanya kazi. Uwanjani hiyo itakurushia usukani usoni kila unapotua. Irudi kwa utulivu, mara moja. Ya nyuma, vaa vifaa vyako vyote, panda, mtu apime imezama kiasi gani. Karibu theluthi moja ya safari yake yote ndipo panapotakiwa. Ikizama nusu hata baada ya kukaza springi, springi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto, na kwa kilo 75 utabadilisha. Ningekubali injini dhaifu yenye shokapu nzuri kuliko kinyume chake, bila kusita.

Hata ukiishapata nzuri, matuta yale marefu yenye pengo katikati yaache. Fremu hizi ni za chuma cha kawaida, na kutua kwenye pengo kunapasua maungio ya vikanyagio na ya shokapu ya nyuma. Yapite polepole bila kuruka, ruka madogo, jifunze kona na breki. Kila ukiosha pikipiki pitisha kidole kwenye maungio hayo. Rangi iliyopasuka kwa mstari ni dalili ya ufa.

Helmeti, miwani, buti ndefu na kinga za magoti vitoe kwenye bajeti kwanza, kinachobaki ndicho cha pikipiki. Buti hasa. Mguu ukinaswa kati ya kikanyagio na udongo, kiatu cha kawaida hakina msaada wowote.

Mjapani wa zamani wa 125 wa stroki mbili (injini inayochoma petroli kila mzunguko) uliyemtaja mwishoni mwa swali lako ni mtamu, ila bila kujua hali ya krenki na silinda yake usimguse, maana kuijenga upya injini hiyo kunaweza kuzidi bei uliyoinunulia.

Ukienda kuiona hiyo 140, piga picha ya namba ya injini, shokapu ya nyuma na maungio ya vikanyagio, kisha uzitupie hapa na urefu wako. Nitakwambia kama ni ya kuchukua.