Sherehe Isiyo na Mwenyeji: Kwa Vijana wa Tanga Wanaokwenda Chuo Kikuu

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotoka, nyumba yetu ya Ngamiani hupata wageni. Huja mama mmoja na binti yake, kesho yake huja mwingine na kijana wake, na baada ya salamu na chai maneno huwa ni yale yale: "Mwalimu, mtoto amepata Mlimani. Zungumza naye kabla hajaondoka, umwambie asiende kucheza." Mimi huzungumza naye kwa moyo wote, kwa sababu niliyapitia hayo mwenyewe, lakini simwambii asiende kucheza. Ninayomwambia nimeona niyaandike hapa, ili yawafikie na wale ambao mama zao hawaujui mlango wetu.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho hicho tunachokiita Mlimani, kuanzia mwaka 2016 hadi 2019. Ni chuo ambacho umri wake unalingana na wa uhuru wetu, kwani kilianza mwaka 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Wazazi wengi wa Tanga wanakijua kwa sifa hiyo ya vitabu na maprofesa, wakidhani kwamba mtoto akishapanda basi, akapita Segera na Chalinze na kufika, kazi iliyobaki ni ya walimu. Hawajui kwamba sehemu kubwa ya maisha ya chuo huishiwa nje ya darasa, jioni na usiku, na kwamba hakuna mtaala wala mhadhiri wa sehemu hiyo.

Napenda nianze na jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Sisi watu wa Tanga hatuendi chuoni tukiwa wageni wa starehe. Bibi yangu aliucheza muziki wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz katika ujana wake, na hadi leo akisikia taarab ya Black Star au Lucky Star husimamisha kazi aliyonayo mkononi. Mimi mwenyewe nimekulia katika makesha ya harusi, katika ngoma za uani, katika matembezi ya Raskazone siku ya Idd pili. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa nimekesha mara nyingi kuliko baadhi ya wenzangu wa bara niliokuja kuwakuta chuoni, na sikupata dhara lolote. Kwa hiyo niliondoka nyumbani nikiamini kwamba sherehe ni kitu ninachokijua.

Nisichokijua ni kwamba sherehe zote nilizowahi kuhudhuria zilikuwa na mwenyewe. Kesha la harusi lina nyumba, na nyumba ina watu wake. Kila msichana alikwenda na shangazi yake au na somo wake, yule mama aliyemfunda, na shangazi huyo alikuwa akihesabu vichwa hata pale alipoonekana amezama katika kupiga makofi. Mtu akizidiwa na joto alibebwa akaingizwa ndani, akapewa maji, na mmoja akabaki naye. Kijana akileta utovu wa adabu, baba yake alijulikana, na mtaa wa baba yake ulijulikana, na habari ilifika huko kabla yake. Hata saa ya kumaliza ilijulikana. Sisi vijana hatukuuona ulinzi huo, kama mtu asivyouona ukuta wa nyumba aliyozaliwa, na tulidhani kwamba usalama umo ndani ya sherehe yenyewe.

Mwezi Novemba mwaka 2016 ndipo nilipojifunza tofauti. Fedha za mkopo za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilikuwa zimetoka. Wakati ule tulilipwa shilingi 8,500 kwa siku, na zilikuja kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 510,000, kiasi ambacho sikuwahi kukishika mkononi mwangu maishani. Wiki hiyo hiyo watu fulani walipita wakiuza tiketi za sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika ukumbi mmoja mjini, na waliahidi basi la kutuchukua bila malipo. Nilinunua tiketi, nikanunua gauni, nikaenda na wasichana wanne ambao nilikuwa nimefahamiana nao kwa muda usiozidi wiki mbili.

Sitasema kwamba sikufurahi, kwa sababu nilifurahi sana. Muziki ulikuwa mzuri, nilicheza hadi viatu vikanishinda, na kwa saa kadhaa nilijiona mtu mzima aliyefika anakokwenda. Ilipofika saa nane usiku nikawatafuta wenzangu. Wawili walikuwa wameondoka na watu wenye gari, wengine wawili sikuwaona kabisa. Basi lililotuleta halikuwapo, kwa maana waliouza tiketi waliahidi kutupeleka, hawakuahidi kuturudisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona tofauti ya maneno hayo mawili wakati wa kununua. Simu yangu ilikuwa imezima. Katika pochi nilikuwa na shilingi 1,500.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga chipsi nje ya ukumbi. Aliniona nikiwaepa madereva wa bodaboda waliokuwa wakiniita, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa wapi?" Nikamjibu kwamba natoka Tanga. Akasema, "Njoo ukae huku nyuma ya meza hadi kupambazuke, usiondoke na mtu." Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa hadi adhana ya alfajiri iliposikika, kisha nikapanda daladala ya kwanza kuelekea Mabibo, ambako ndiko nilikopangiwa hosteli. Wenzangu wa chumbani walikuwa wamelala. Nikafungua mlango, nikavua viatu, nikajilaza, na hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Hilo ndilo lililoniliza, zaidi hata ya hofu ya usiku ule: kwamba nilikuwa nimepotea usiku mzima katika jiji la Dar es Salaam na hapakuwa na nafsi hata moja iliyojua kwamba nimepotea.

Wenzangu hawakuwa wabaya. Chuo cha umma ni kikubwa mno. Mwezi Aprili uliofuata yalifunguliwa mabweni mapya ya Magufuli, majengo ishirini yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na hiyo ilikuwa sehemu tu ya wanafunzi wa chuo. Mahali wanapolala watu wengi kiasi hicho, kitanda kimoja kikibaki kitupu hakimshtui mtu, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameenda kwa ndugu au yuko maktaba. Kwa hiyo ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: kwa kuwa chuoni sherehe haina mwenyeji, itakubidi wewe na wenzako muwe wenyeji wenu.

Kuanzia mwaka wa pili nilikuwa na wenzangu watatu, mmoja wa Pangani, mmoja wa Lushoto na mmoja wa Mwanza. Tulikubaliana mambo ambayo leo nawasomea wote wanaokuja kwangu. Tulikwenda pamoja na tulirudi pamoja. Saa ya kurudi ilipangwa tukiwa bado chumbani, wakati akili imetulia, wala haikujadiliwa tena ukumbini, ambako kila mtu hutaka wimbo mmoja zaidi. Mmoja wetu, kwa zamu, alihakikisha simu yake imejaa chaji na hakuitumia kupiga picha. Kila mmoja alikuwa na nauli ya kurudi iliyokaa mbali na fedha nyingine. Na kama mmoja angesema, "Niacheni, nitarudi na fulani," tulikuwa tumeahidiana kwamba maneno hayo hayatasikilizwa.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na sitaki kulifanya lionekane jepesi. Usiku mmoja mwenzetu alitaka kubaki na mtu aliyekutana naye saa mbili kabla. Tulikataa, akakasirika, akatuambia kwamba sisi si mama zake. Tukakaa naye, tukiwa na usingizi na kesho yake kuna semina, hadi alipochoka kubishana akainuka. Hakusema nasi kwa siku mbili. Hatukulizungumza tena jambo lile, lakini tulipojiandaa kutoka mara nyingine, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza tunarudi saa ngapi.

Kuhusu fedha, ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afanye hesabu niliyoichelewa. Kwa kiwango cha wakati wetu, jioni moja iliyogharimu tiketi, usafiri na vinywaji, ikifika shilingi 42,500, ilikuwa imekula chakula cha siku tano. Niliiandika hesabu hiyo kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Mwaka 2022 fedha hizo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini bei ya chakula nayo haikusimama kungoja. Niliona vijana wenye akili nzuri wakimaliza bumu ndani ya wiki tatu, kisha wakaishi kwa kukopa, na anayekopa hujikuta akikubali mialiko ya watu ambao asingekaa nao akiwa ameshiba. Wasichana hasa wanielewe hapa. Wapo watu wazima wanaokuja kwenye vyuo na magari yao, wakarimu wa kila kitu, na mtu anayekulipia kiingilio, kinywaji na usafiri ndiye anayeamua utarudi lini, na pengine kama utarudi.

Kuhusu pombe sina mengi. Mimi sinywi, na sikuwahi kuona kwamba soda ilinipunguzia furaha, wala sikuona kwamba rafiki zangu waliokunywa walikuwa watu wabaya. Chupa yako ifunguliwe ukiiona, na ukishaiacha mezani ukaenda kucheza, usiirudie.

Masomo nayo yana njia yake ya kuumia, ambayo si ile wazazi wanayoidhani. Kwa kozi nyingi, alama 40 katika 100 zilitokana na kazi za muhula, yaani majaribio, semina na insha, na 60 zilitoka kwenye mtihani wa mwisho. Niliowaona wakipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, na mmoja niliyempenda sana akadisko kabisa, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli, walisoma usiku na mchana kabla ya mtihani wa mwisho. Walikuwa wameanguka mapema zaidi, Ijumaa hadi Ijumaa, kwa semina za asubuhi walizozilala na insha walizoziahirisha, hata wakaingia ukumbi wa mtihani wakiwa hawana cha kuongezea. Sherehe ya Jumamosi haikuwadhuru kama ilivyowadhuru Jumatatu waliyoipoteza. Nilijiwekea sharti kwamba sitoki usiku wowote unaofuatiwa na asubuhi yenye kipindi, na katika miaka mitatu nililivunja mara mbili, na mara zote mbili niliumia.

Baada ya kusema hayo yote, kuna kijana mwingine ambaye ananihuzunisha zaidi, na ni yule ambaye mama yake alimkataza kila kitu naye akatii. Tulikuwa na mmoja chumbani kwetu. Alikwenda darasani, akarudi, akala, akalala, na siku za Ijumaa alifunga pazia la kitanda. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ameahidi nyumbani. Alimaliza chuo na shahada nzuri na hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Chuo kikuu kina furaha nyingi ambazo hazina tiketi. Kwetu palikuwa na vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyojengwa chini ya miti, ambako watu hukaa kusoma madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, na kuishia katika mazungumzo ya dini, siasa, mapenzi na mpira hadi taa zinapowaka. Kimbwetani ndipo nilipokutana na yule wa Lushoto, na yeye ndiye aliyenipigia simu nafasi yangu ya kwanza ya kufundisha ilipotokea. Palikuwa na midahalo katika Ukumbi wa Nkrumah, ambako nilisimama kwa mara ya kwanza nikasema mbele ya watu mia kadhaa huku magoti yakitetemeka. Ukijifungia ndani kwa kuogopa usiku, unakosa na jioni.

Kwa wazazi nina ombi, na naliomba kwa heshima. Asubuhi ile ya Novemba nilikuwa na namba ya mama kichwani, na yule mama wa chipsi alinipa simu yake, lakini sikuthubutu kupiga, kwa sababu nilijua sauti nitakayokutana nayo. Nilichagua kukaa juu ya ndoo kuliko kumwamsha mama yangu, ambaye angetoa roho yake kwa ajili yangu. Miaka mingi baadaye nilimsimulia, akalia, akaniuliza, "Ulidhani ningekufanya nini?" Nilidhani angenigombeza, na kwa kweli angenigombeza. Mwambieni mtoto, kabla hajaondoka, kwamba akipiga simu saa nane za usiku ataulizwa kwanza yuko wapi, na ugomvi utasubiri mchana. Kisha, siku akipiga, itimizeni ahadi hiyo hata kama mioyo inawaka.

Juzi alikuja binti wa jirani yetu wa barabara ya pili, naye anaondoka Jumamosi kwa basi la alfajiri. Mama yake aliketi nasi muda wote, na nilipofika kwenye habari ya simu alinyamaza, akatazama mkeka. Walipoaga, mama akafungua kanga, akatoa noti mbili za elfu kumi, akazikunja ndogo kabisa, akaomba sindano na uzi. Pale pale kibarazani kwetu akazishonea ndani ya kitambaa cha pochi ya binti yake, akamwambia, "Hii si ya chakula, na si ya vocha. Hii ni ya kurudia."