Muulize Dereva: Ellis au Michaelson?

SWALI: Assalamu aleikum mzee wangu. Mimi ni mwalimu, nakaa Maweni hapa Malindi. Shule zikifungwa Agosti tutakwenda Chogoria kwa dada yangu aliyeolewa huko. Tutakuwa mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 14 na mama mkwe aliyetimiza miaka 66. Shemeji ana jamaa yake mwenye Land Cruiser, na ameahidi kutupandisha Mlima Kenya siku moja tukaone ziwa. Yako mawili upande ule, Ellis na Michaelson. Picha za Michaelson nimeziona kwenye simu, usingizi ukanipaa. Shemeji asema Ellis latosha. Mume wangu asema tukishafika mlimani, kwa nini tuliache lile zuri? Tuamulie. Na kuogelea je, twaweza? Sisi ni watu wa bahari.
Mwalimu wa Maweni

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu. Nendeni Ellis. Shemeji mpeni haki yake, na mume wako akinuna mwambie ni mimi niliyesema.

Picha hazikukudanganya. Michaelson ni zuri kuliko Ellis, tena si kwa kidogo. Limelala ndani ya bonde la Gorges, bonde lililochongwa na barafu zamani hizo, na juu yake umesimama ukuta wa mwamba uitwao Temple, mita 300 hivi kutoka ukingoni hadi majini. Mto Nithi, ule wenye daraja linalotajwa kila mara kwenye habari za ajali, maji yake yanatoka huko. Mtauvuka kwa basi mkishaipita Chuka. Wageni niliokuwa nikiwapeleka walikuwa wakifika ukingo wa Temple wananyamaza, na Mtaliano kunyamaza si jambo dogo, sisi wa Malindi twajua.

Lakini picha haisemi mpigaji alilala wapi usiku wa kuamkia siku ile. Alilala mlimani, na yamkini hata usiku uliotangulia alilala huko huko.

Tazama mambo yalivyo. Lango la hifadhi upande wa Chogoria liko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ellis liko karibu mita 3,500, Michaelson karibu 4,000. Ukiyasoma hivi waona tofauti ni ndogo, mita 500 tu, kama alivyoona mume wako. Tofauti kubwa iko miguuni. Kutoka mjini Chogoria hadi langoni ni zaidi ya kilomita 20 za njia ya msituni, na gari linapita. Ukishapita lango, njia ya gari inaendelea hadi kwenye mita 3,300 hivi, na wakati wa ukavu gari lenye nguvu huweza kusogea hadi karibu na Ellis lenyewe. Michaelson gari halifiki. Wapandaji wengi hulala Ellis kwenye hema, asubuhi wakaanza kutembea, na Michaelson wakaifanya kituo cha kulala tena. Huo ni mwendo wa siku nzima kwa watu wenye viatu vya mlima na wapagazi wa kuwabebea mizigo. Nyinyi mnataka kwenda na kurudi kabla ya lango kufungwa saa kumi na mbili jioni, na mama mkwe yumo. Haiwezekani, mwalimu. Au yawezekana kwa kijana mmoja mwenye mapafu ya mkimbiaji, naye atafika huko akitazama saa badala ya ziwa.

Halafu kuna hewa. Kwenye mita 4,000 kila pumzi unayovuta inakuletea kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata ukikaa barazani kwako Maweni. Mwili hujirekebisha, lakini wataka siku kadhaa. Ukiukimbiza, kichwa kinauma, chakula kinakutoka, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa na mgeni mmoja kutoka Milan, mtu wa mazoezi, kifua kipana, aliyetoka ufukweni hapa Malindi na kutaka apandishwe moja kwa moja bila kulala njiani. Mwenye kampuni akakubali, maana mgeni ndiye mwenye pesa. Tulipopita mwisho wa njia ya gari akawa wa kwanza mbele, anatucheka. Baada ya saa chache akakaa chini akasema aachwe alale kidogo tu. Kiongozi wetu, Mmeru wa Chogoria, hakubishana naye hata neno moja. Alimshika mkono akamgeuza njia ya kuteremka. Tulipofika mjini yule bwana alikuwa anauliza kama kuna tambi.

Basi dawa ndiyo hiyo: kuteremka. Akianza mmoja wenu kuumwa kichwa kisichotulia, kutapika, kuyumba anapotembea au kusema maneno yasiyopangika, msingoje aone kama atapata nafuu. Geuzeni gari. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua Ellis, kwa kuwa pale gari haliko mbali. Michaelson mtu akizidiwa, kwanza mtembee saa kadhaa, tena njia yenyewe ina kupanda na kushuka.

Sasa niulize jambo ambalo hukuliandika. Katika hao wanne, kuna mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao sickle cell? Nauliza kwa sababu kaunti yetu ya Kilifi ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambazo ugonjwa huu uko kwa wingi, na watu wengi wanaubeba kwenye damu bila kuugua wala kujua. Aliye mgonjwa asipande kabisa, abaki Chogoria na dada. Anayeubeba tu naye aongee na daktari kwanza, maana kuna waliopatwa na maumivu makali ya bandama walipofika kwenye hewa nyepesi huku wakijitahidi kwa miguu. Kipimo chake ni cha damu. Mfanye hapa hapa kabla ya kukata tiketi. Mama mkwe naye apimwe presha, na akiwa na moyo au pumu, safari yake iishie langoni. Si haba: atakuwa amepita msitu wa mianzi, pengine ameona mbega na ndovu, na atapata pahali pa kukaa na thermos yake. Ila mumwachie mtu wa kukaa naye. Wazee wetu hawapendi kuachwa na mazungumzo ya askari wa lango.

Msipande kesho yake mara tu mkitoka kwenye basi la usiku. Laleni Chogoria siku mbili kwanza. Mji wenyewe uko juu kiasi cha kuwaanzisha. Mkija na gari-moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi hamtachoka kama wa basi, lakini bado kuna safari ya Embu na Chuka mbele yenu. Siku ya tatu ndiyo ya mlima.

Siku hiyo mtoke mapema, gizani, mfike langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Agosti si mwezi wa mvua kubwa, lakini upande huu wa mashariki una ukungu wake, na kawaida mlima hujionyesha asubuhi ukajifunika mchana. Aliyefika Ellis saa tatu anaona vilele vya Batian na Nelion. Aliyefika saa saba anaona mwenzake aliyesimama hatua kumi mbele, akiwa na bahati. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo lipeni mkiwa mjini ambako simu inashika. Kiongozi mchukueni wa huko Chogoria, aliyesajiliwa. Jamaa wa shemeji ajue njia asijue, huyo kazi yake ni usukani. Na hiyo Land Cruiser muiangalie: iwe inavuta magurudumu yote manne na matairi yake yawe na meno. Ziko Land Cruiser za kupeleka bibi harusi ukumbini, zikiuona udongo mwekundu wa msitu ule ukiwa umelowa zinalala ubavu. Mkiwa msituni msishuke kupiga picha ovyo, nyati wapo.

Njia ya gari ikiwa mbovu siku hiyo, acheni gari mahali kiongozi atakaposema mkatembee polepole. Njia inapita karibu na kilima cha Mugi, kwenye nyika ya wazi yenye vichaka. Binti yako atapenda lobelia kubwa na ile miti ya ajabu inayoonekana kama kabichi lililopandwa juu ya gogo. Mwende mwendo wa kuweza kuongea. Mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, nyote msimame.

Nguo. Hapa ndipo watu wa pwani tunapoaibika. Usiniambie utajifunika leso mbili. Nenda sokoni kwa wa mitumba, makoti mazito hapa Malindi hayana mnunuzi, utapata la maana kwa bei ya kuokota. Nguo iliyolowa ndiyo inayoleta baridi ya hatari, kwa hiyo juu ya koti uwe na kitu kisichopitisha maji. Baibui liache kwa dada, vaa suruali ndani na dera fupi juu yake kama unapenda, maana pindo refu likilowa umande linakuwa zito na linakukanyagisha. Soksi mbili, kofia ya sufu, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Wala usione haya kupaka mafuta ya kuzuia jua: huko juu baridi inakudanganya, jua linachoma kuliko la ufukweni.

Chakula pikeni usiku. Mume wako asije na wazo la kuteleka wali ziwani. Maji huko yanachemka kabla hata ya kufika nyuzi 90, na mchele utakaa jikoni mpaka mkate tamaa. Bebeni mahamri, mayai ya kuchemsha, tende kwa wingi, na thermos mbili, moja ya chai ya tangawizi na moja ya maji moto. Nasema mbili kwa sababu hiyo ya maji itakuwa ya kutilia udhu wa adhuhuri. Maji ya ziwa lile yatakukata vidole.

Hapo nimekwisha kujibu swali la kuogelea, lakini niseme wazi kwa ajili ya binti. Hapana. Anayejua kuogelea ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu anajiamini. Bahari yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Mwili uliozoea hiyo ukitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi kali, pumzi inakatika yenyewe, mtu anavuta maji, na mikono inakataa kazi. Na hapo tayari hewa ni haba. Achovye mkono, apige picha, avae glavu.

Michaelson lipo. Mkitaka kulifuata, tengeni siku nne au tano mwaka mwingine, nyinyi wawili na binti akikua kidogo, na mlale njiani kama wenzenu.

SWALI: Mzee, mimi ni mvuvi wa Shella, hapa Malindi. Nasikia kwenye maziwa ya Mlima Kenya kuna samaki. Nikienda nibebe mshipi?
Mvuvi

JIBU: Samaki ni trauti, na si wa asili ya pale, waliletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita wakatiwa mitoni. Ziwa linalosifiwa kwa uvuvi huo ni Rutundu, upande wa kaskazini, mbali na njia ya Chogoria. Unahitaji leseni ya uvuvi wa ndoana, na utavua kwa raha yako, si kwa soko. Mshipi wako wa kolekole uache nyumbani. Rutundu ndiko Prince William wa Uingereza alikomposa Kate Middleton Oktoba 2010, kwa hiyo ukimpeleka mwanamke huko ujue atatarajia nini.

SWALI: Shikamoo. Mlima Kenya ni mbali. Tuko vijana wanane Mambrui, twataka kukodi matatu twende Ziwa Chala au Jipe tukarudi siku hiyo hiyo. Lipi?
Vijana wa Mambrui

JIBU: Marahaba. Siku hiyo hiyo, hakuna. Kutoka kwenu mpaka Taveta, kwa njia ya Mombasa na Voi, ni karibu kilomita 400, na kurudi vivyo hivyo. Dereva atakayekubali kazi hiyo kwa siku moja msipande gari lake. Laleni Voi au Taveta.

Mkishalala, mimi nawapeleka Chala. Ni ziwa ndani ya kreta ya volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake, na maji yake yanatoka chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Kutoka ukingoni kushuka hadi majini ni mteremko mkali, msivae ndala. Jipe ni la kina kifupi, limejaa matete, zuri kwa anayependa ndege na viboko, na ng'ambo yake mnaona milima ya Upare. Kwa vijana wanane wenye kelele, viboko watakuwa wamekwisha kuzama kabla hamjashuka kwenye gari.

Kwenye Chala msiingie majini. Mamba wamo, na mwaka 2002 walimuua msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea. Mtaambiwa na wenyeji fulani kwamba waliisha. Hao wanaosema hivyo, waombeni watangulie.