Maswali ya wasomaji: Meseji imeingia, pesa haimo

SWALI: Mnunuzi alipakia gunia 6 za mahindi yangu. Kitochi changu kikaonyesha meseji ya malipo, lakini jioni salio lilikuwa lilelile. Nikinge vipi mavuno yaliyobaki? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Pole sana, hilo ni jasho la msimu mzima. Meseji si pesa. Pesa ni salio. Meseji ya tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu 10, na wakulima wengi husoma kiasi tu bila kutazama mtumaji.

Kabla ya kupima, andika salio lako daftarini. Gunia likiwa bado chini, piga mwenyewe *150*00# kama unatumia M-Pesa, au *150*60# kwa Airtel Money, uangalie salio. Simu isitoke mkononi mwako, hata mnunuzi akijitolea "kukusaidia". Hapo ndipo namba ya siri huibwa. Halijaongezeka? Gari lisubiri.

Mnunuzi akipiga baadaye kudai amezidisha malipo, usimrudishie. Mwambie apige 100, mtandao ushughulikie. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.