Banda la ng'ombe kando ya mto: anza na futi kamba

Ndugu, nimekuelewa: shamba la Lushoto ni lako, hati unayo, ila banda unalotaka kujenga litakuwa jirani na mto. Kabla hujanunua hata tofali, shika futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, hati au hapana. Mimi nilimwamini fundi aliyepima kwa hatua zake. Tulibomoa msingi ukiwa umeshakauka.

Ukishavuka mita 60, omba ruhusa ya kujenga: anzia serikali ya kijiji, kisha halmashauri, na mchoro unaoonyesha shimo la samadi (hapo ndipo wanapokaza). Ruhusa ya mdomo usiikubali, dai karatasi yenye mhuri. Mpaka ukigombaniwa, tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa.